Kebo Ipimwe Kabla Fundi Hajalipwa

Tarehe 23 Septemba 2011, watafiti wa jaribio lililoitwa OPERA walisimama mbele ya wenzao huko CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva, wakiwa na habari iliyoushangaza ulimwengu. Chembe ndogo mno ziitwazo nyutrino, zilizorushwa kutoka hapo na kupenya ardhini kilomita 730 hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, zilionekana kufika nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga ungefika. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Iwapo vipimo vile vilikuwa sahihi, basi Einstein alikosea, na vitabu vya fizikia vilipaswa kuandikwa upya.

Vipimo havikuwa sahihi. Maabara ya Gran Sasso iko chini ya mlima, na saa zake zilipata majira kutoka kwa kipokezi cha GPS kilichokuwa juu, kupitia kebo ya uzi wa kioo yenye urefu wa kilomita 8.3. Kiungo kimoja cha kebo hiyo hakikukazwa hadi mwisho. Mwanga ulipita, ila ulipita kidogo. Kifaa cha upande wa pili kilihitaji muda zaidi kukusanya mwanga wa kutosha ili kitambue kwamba ishara imefika. Ucheleweshaji huo, wa zaidi ya nanosekunde 70, pamoja na kosa jingine dogo la saa, ndio ulioifanya nyutrino ionekane inaupita mwanga mbio. Habari ya kiungo hicho ilitangazwa Februari 2012. Mwezi uliofuata viongozi wawili wa jaribio walijiuzulu.

Kinachomhusu mwenye duka, mkurugenzi wa hospitali au meneja wa benki hapa ni kwamba kebo ile haikuwa imekatika. Ilikuwa inafanya kazi. Ingekaguliwa kwa lile swali la kawaida la mafundi, "inapitisha au haipitishi?", jibu lingekuwa inapitisha. Kebo iliyokufa kabisa haina hasara kubwa, maana hugunduliwa siku hiyohiyo na kubadilishwa. Kebo iliyo nusu hai hukaa ukutani miaka, na lawama zake hubebwa na wengine.

Ofisi ya wakala wa forodha, iwe Mombasa au Dar es Salaam, ni mfano ambao wengi wataufahamu. Asubuhi mambo yanakwenda. Ikifika saa tano, wafanyakazi wote wakiwa mezani, mfumo unaanza kusuasua: nyaraka inachukua dakika nzima kufunguka, simu ya mezani inakatakata sauti, printa inapotea kisha inarudi yenyewe. Kila mtu anasema mtandao unasumbua. Kampuni ya intaneti inapigiwa simu, inapima laini yake, inajibu kwamba laini iko sawa. Kompyuta inapelekwa kwa fundi, inafutwa, inawekewa programu upya. Swichi inabadilishwa. Laini yenye kasi zaidi inanunuliwa na bili ya mwezi inapanda. Kebo iliyomo ukutani haiguswi, kwa sababu taa yake inawaka.

Taa hiyo husema jambo moja tu: kwamba vifaa viwili, kimoja kila upande, vimesikiana na kukubaliana kuzungumza. Haisemi mazungumzo yanakwendaje. Kila fungu la data linalopita katika mtandao wa Etheneti, ambalo wataalamu huliita fremu, husafiri na hesabu ya ukaguzi yenye biti 32. Swichi ikipokea fremu ambayo hesabu yake haikubaliani na yaliyomo, huitupa bila kumwambia mtu. Programu iliyoituma husubiri jibu, hailipati, hutuma tena. Mtumiaji wa kompyuta haoni kosa lolote. Anaona saa ya kusubiri inazunguka. Fremu moja ikipotea katika kila mia, kasi hushuka vibaya, hasa pale mawasiliano yanapokwenda mbali, kama mfumo wa hesabu uliowekwa kwenye seva ya Ulaya.

Ugonjwa mwingine ni wa kebo inayofanya kazi kwa moja ya kumi ya uwezo wake. Ndani ya kebo ya kawaida ya mtandao mna nyaya 8, zilizosokotwa mbilimbili kuwa jozi 4. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi 2 tu. Wa gigabiti moja, ambao kiwango chake kilitolewa mwaka 1999, hutumia zote 4. Waya mmoja wa kahawia ukikatika, swichi nyingi za leo hushuka zenyewe hadi megabiti 100 na kuendelea na kazi. Taa inawaka. Mwenye biashara amelipia gigabiti, anatumia sehemu ya kumi, na hakuna aliyemjulisha.

Kwa hiyo kebo zipimwe, na hapa inafaa kueleza kwa makini kupima ni nini, kwa sababu neno hilo hutumika kwa mambo yasiyolingana.

Kipimo ambacho kila fundi anacho mfukoni ni kile kiboksi chenye vipande viwili na taa nane. Kipande kimoja huchomekwa huku, kingine kule, na taa zinawaka kwa zamu, moja hadi nane. Kifaa hiki kina manufaa: kinaonyesha waya uliokatika, nyaya zilizogusana, au zilizobadilishana nafasi. Kinachoshindwa kuonyesha ni ubora wa njia ambayo ishara inapita. Ngazi ya pili ni vifaa vinavyojaribu kama kebo inaweza kubeba mwendo fulani, tuseme gigabiti moja, siku ile inapojaribiwa. Ngazi ya juu ni kifaa cha kutolea cheti, ambacho bei yake hufika maelfu ya dola, na ambacho huilinganisha kebo na kiwango cha kimataifa kilichoandikwa: ISO/IEC 11801, au TIA-568 cha Marekani kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Kifaa hiki hupitisha ishara za mawimbi mengi tofauti, hadi megahezi 100 kwa kebo ya Cat 5e, 250 kwa Cat 6 na 500 kwa Cat 6A, kisha huandika matokeo kwa kila jozi.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha tofauti ya kiboksi cha taa nane na kifaa cha cheti. Fundi asiyefundishwa akishika kichwa cha RJ45, mantiki ya kawaida humwambia apange jozi kwa mfuatano: ya chungwa katika nafasi ya 1 na 2, ya kijani 3 na 4, ya bluu 5 na 6, ya kahawia 7 na 8. Anafanya hivyo pande zote mbili. Kiboksi kinawasha taa zote nane kwa utaratibu, na kazi inahesabiwa imekwisha. Lakini mashine za mtandao zimeundwa zitumie nafasi ya 3 na ya 6 kama jozi moja. Ndiyo maana mpangilio sahihi unaotumika sana ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ile ya kijani inaikumbatia ya bluu katikati. Katika kebo ya fundi wetu, ishara ya nafasi ya 3 na 6 inasafiri juu ya nyaya mbili ambazo hazikusokotwa pamoja. Umeme unapita vizuri kabisa. Data inaharibika njiani.

Sababu yake imejulikana tangu mwaka 1881, Alexander Graham Bell alipopewa hataza ya Marekani kwa wazo la kusokota nyaya mbili za simu. Waya unaobeba ishara hutoa mawimbi yanayoingia katika waya jirani. Nyaya mbili zikisokotwa, kila mmoja hukaa karibu na adui kwa zamu, kelele zinaingia kwa kiasi sawa katika zote mbili, na kipokezi kinachosoma tofauti kati yao huifuta ile kelele. Jozi 4 za kebo ya leo zina misokoto isiyolingana, kila moja na kipimo chake, ili zisivujiane. Mtu akiichuna kebo ya Cat 6 na kuitazama kwa karibu ataona jozi moja imebanwa misokoto zaidi ya nyingine, na mara nyingi pia ukuta mwembamba wa plastiki wenye umbo la msalaba unaozitenganisha. Kazi yote ya kiwanda iko katika misokoto hiyo. Fundi anayefumua sentimita 5 za jozi ili apate nafasi ya kufanyia kazi anaibomoa kazi hiyo. Kiwango kinaruhusu milimita 13 tu. Tofauti ya sentimita nne hivi haionekani kwa taa nane. Kwenye kioo cha kifaa cha cheti inaonekana mara moja, mstari wa kipimo ukivuka mpaka mwekundu.

Mambo makuu ambayo kifaa hicho hutazama ni matatu. Kuna kufifia, yaani ishara inapungua nguvu kadiri inavyosafiri. Kuna kuvuja, yaani kiasi cha ishara ya jozi moja kinachoingia katika jozi nyingine. Kuna mwangwi, yaani ishara inayogonga mahali palipobadilika ghafla, kama kebo iliyokunjwa kwa nguvu au kiungo kibovu, ikarudi ilikotoka. Mwangwi huo una faida yake kwa mpimaji. Ndani ya kebo ishara hukimbia takribani theluthi mbili za kasi ya mwanga, kama sentimita 20 kwa nanosekunde. Kifaa kikipima muda wa kwenda na kurudi, humwambia fundi hitilafu iko mita 37 kutoka hapo, nyuma ya dari ya chumba cha mikutano. Bila kipimo hicho, fundi hubomoa ukuta akitafuta.

Upimaji wa kebo ulikuwa suala la biashara miaka mingi kabla ya kompyuta. Kebo ya kwanza ya telegrafu kuvuka bahari ya Atlantiki ilianza kazi Agosti 1858. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan, zenye maneno 98, zilichukua saa 16 kupita. Mhandisi mkuu wa umeme wa kampuni ya kebo hiyo, Wildman Whitehouse, aliisukuma kwa umeme wa volti zinazokadiriwa kufika 2,000, na baada ya wiki chache kebo ikanyamaza moja kwa moja. Mtaji mkubwa wa wanahisa ulizama. Uchunguzi uliofuata, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 1861, ulilaumu kebo iliyotengenezwa na kutunzwa bila vipimo vya kutosha. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikuwa tayari ameonyesha kwamba shaba iliyouzwa kwa jina moja ilitofautiana sana katika kupitisha umeme, akasisitiza ipimwe kiwandani. Kebo ya mwaka 1866, iliyotandazwa na meli ya Great Eastern, ilipimwa wakati wote ilipokuwa inashushwa baharini, na ilidumu. Miaka 13 baadaye, mwaka 1879, kebo kutoka Aden ilifika Zanzibar na kuendelea kusini hadi Durban, na wafanyabiashara wa Mji Mkongwe wakaanza kupata bei za London kwa siku badala ya wiki.

Onyo la Thomson kuhusu shaba linafaa kurudiwa leo kwa sauti kubwa, kwa sababu masoko ya Afrika Mashariki yana kebo ambayo ndani yake si shaba. Ni alumini iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba. Boksi lake ni la mita 305 kama lile halali, limeandikwa Cat 6 kama lile halali, na bei yake ni ya chini sana. Hili ndilo jambo ambalo wanunuzi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na wa Luthuli Avenue mjini Nairobi wanapaswa kulijua kuliko yote yaliyomo katika makala hii. Viwango vya kimataifa haviikubali kebo hiyo hata kidogo. Alumini huzuia umeme takribani mara 1.6 kuliko shaba ya unene uleule, hukatika upesi ikikunjwakunjwa, na huota kutu mahali inapobanwa kwenye soketi, jambo ambalo hewa ya chumvi ya pwani hulizidisha.

Kuitambua hakuhitaji mashine ya maelfu ya dola. Boksi lake ni jepesi mkononi. Waya ukikwanguliwa kwa kisu, chini ya wekundu hutokea weupe. Na ohmita ya kawaida, iliyomo katika mita ya fundi umeme yeyote, inatoa ushahidi usiobishaniwa: waya mmoja wa kebo halali hauzidi ohm 9.38 kwa mita 100. Fundi akiunganisha nyaya mbili za jozi moja kwenye ncha ya mbali, akapima ncha ya karibu, kebo ya mita 50 haipaswi kuzidi ohm 9.4 kwenda na kurudi. Akisoma 14, arudishe boksi dukani.

Ubaya wa alumini umeongezeka kwa kuwa kebo ya data siku hizi hubeba na umeme. Kiwango cha kwanza cha kupitisha umeme katika kebo ya Etheneti kilitoka mwaka 2003, wati 15.4 kwenye swichi. Mwaka 2009 zikawa 30. Mwaka 2018 zikafika 90. Kamera za ulinzi, simu za mezani, vituo vya Wi-Fi darini, mashine za kuhesabia mahudhurio ya wafanyakazi, vyote hivyo hula umeme kupitia nyaya hizo nyembamba. Mafundi wa kamera wanaujua ugonjwa huu vizuri: kamera ya geti inafanya kazi mchana kutwa, ikifika saa moja jioni inazimika, inawaka, inazimika. Giza likiingia, kamera huwasha taa zake za kuonea usiku, mahitaji ya umeme yanapanda, volti zinaanguka njiani kwa sababu ya ukinzani wa kebo, na kamera inaishiwa nguvu. Inabadilishwa kamera, ugonjwa unabaki. Geti linakaa bila macho katika saa zile ambazo lilihitaji macho zaidi.

Joto nalo lina sehemu yake. Ile mita 100 inayotajwa kama ukomo wa kebo ya mtandao, yaani mita 90 za ukutani na 10 za kebo fupi za kuunganishia, imekokotolewa kwa nyuzijoto 20. Dari ya mabati ya Tanga au Bujumbura mchana wa jua kali haiijui nyuzijoto 20. Kadiri shaba inavyopata joto ndivyo ishara inavyofifia zaidi, na kebo zilizofungwa pamoja kwa mamia zikibeba umeme hupashana joto. Kebo ya mita 95 iliyofaulu asubuhi ya Julai yenye upepo inaweza kushindwa mchana wa Februari. Mpangaji mzuri wa jengo la eneo lenye joto huacha nafasi, hafiki ukomo.

Kati ya jengo na jengo, shaba haifai kabisa, na sababu ni radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye ngurumo nyingi zaidi duniani. Shule, hospitali au kiwanda cha Mwanza, Kisumu au Entebbe kinachounganisha majengo yake kwa kebo ya shaba kinazifungulia radi njia hadi kwenye seva. Uzi wa kioo haupitishi umeme.

Uzi huo, ambao huitwa pia mkongo au faiba, nao una vipimo vyake. Njia ambayo mwanga hupita katika kebo ya mkongo wa masafa marefu ina upana wa mikromita 9 hivi, nyembamba mara nyingi kuliko unywele. Chembe moja ya vumbi kwenye ncha inatosha kuizuia, na kidole kilichogusa ncha huacha mafuta yanayofanya vilevile. Kwa hiyo ncha hutazamwa kwa darubini ndogo na kusafishwa kila inapochomolewa, hata kama imetoka kwenye mfuko mpya. Kiungo kimoja kinaruhusiwa kupoteza desibeli zisizozidi 0.75. Kizuri hupoteza chini ya nusu ya hapo. Vichwa vya kijani vimesagwa kwa mshazari wa nyuzi 8, vya bluu havikusagwa hivyo, na wengi waliounganishiwa faiba nyumbani wamewahi kuchomeka kimoja katika tundu la kingine bila kujua: mwanga unapita kidogo, intaneti inakuja na kupotea, na ncha zote mbili zinaweza kukwaruzika. Mkongo hupimwa kwa rangi mbili za mwanga usioonekana, nanomita 1310 na 1550, kwa sababu mahali uzi ulipokunjwa kupita kiasi ile ya 1550 huvuja zaidi. Hasara ikionekana upande wa 1550 peke yake, mpimaji anajua kuna mkunjo, na pengine anaurekebisha kwa kulegeza tai moja ya plastiki.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na majirani zao wakaona intaneti inazorota. Kampuni nyingi zilijifunza siku zile kununua laini ya pili kutoka kampuni nyingine. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, lakini mara nyingi uliishia mlangoni. Laini mbili zinaingia katika jengo kwa bomba moja, zinafika katika kabati moja, zinachomekwa katika swichi moja, na kutoka hapo kwenda ghorofa ya tatu kuna kebo moja ambayo haijapimwa tangu iwekwe. Kuna jaribio la bure ambalo kila kampuni yenye laini mbili inapaswa kulifanya angalau mara moja kwa mwaka: kuchomoa laini kuu mchana wa siku ya kazi, kwa taarifa, na kuangalia ni nini kinasimama na kwa muda gani. Wale wanaoogopa kulifanya tayari wamelijua jibu.

Ripoti ya vipimo inastahili kusomwa na anayeilipia. Kwanza atazame kiwango kilichochaguliwa, kwa maana kebo ya Cat 6 ikipimwa kwa mipaka ya Cat 5e itafaulu hata ikiwa imefungwa vibaya. Aangalie tarehe ya mwisho ya kifaa kusahihishwa kiwandani. Watengenezaji hutaka kila mwaka. Atafute alama ya nyota kando ya neno la kufaulu: maana yake ni kwamba matokeo yako karibu mno na mpaka kiasi kwamba kifaa chenyewe hakina uhakika. Kebo moja yenye nyota katika mia si tatizo. Zikiwa 30, mkandarasi ana maswali ya kujibu. Na adai faili halisi la kifaa pamoja na karatasi iliyochapwa, kwa sababu karatasi ni rahisi kuihariri, na jina la kila kebo katika faili lifanane na lebo iliyobandikwa kwenye soketi ya ukutani. Jengo lenye kebo 200 zisizo na lebo humchukua fundi siku nzima kutafuta moja.

Hoja inayotolewa dhidi ya haya yote ni gharama. Kifaa cha kisasa hupima kebo moja kwa chini ya nusu dakika. Siku moja hutosha kwa ofisi ya kawaida, na fundi asiyemiliki kifaa anaweza kukikodi au kumleta mwenzake mwenye nacho. Kinachopaswa kulinganishwa na gharama hiyo ni dari ikishafungwa, rangi ikishapakwa na wafanyakazi wakishahamia, kisha kebo 15 zigundulike mbovu.

Mafundi wenyewe wananufaika. Katika Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano hutoa leseni kwa wakandarasi wa kazi hizi, na nchini Tanzania mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ina leseni ya ufungaji na matengenezo ya vifaa vya mawasiliano; lakini leseni haionyeshi kebo ya chumba namba 12 ilifungwaje. Fundi stadi aliyefumua milimita 10 badala ya sentimita 5, aliyekataa boksi la alumini, aliyezungusha kona taratibu badala ya kuikunja, hana njia nyingine ya kuonyesha kwamba kazi yake ni tofauti na ya yule aliyetoa bei nusu. Ripoti ndiyo inayomtetea, na mteja anayeidai anailinda riziki ya fundi mzuri.

Basi yeyote anayejenga, anayehamia au anayekarabati ofisi mwaka huu aandike sharti moja katika mkataba kabla boksi la kwanza halijafunguliwa: kila kebo ipimwe kwa kifaa cha cheti, kwa kiwango kilichotajwa kwa jina, matokeo yakabidhiwe kwa faili, na sehemu ya malipo ibaki mkononi mwa mteja hadi kebo ya mwisho ifaulu.